Forodhani: Watoto na Maji ya Bure

Wapo wasomaji watakaoshangaa kuona kwamba katika mkusanyo wa insha zihusuzo utamaduni tumeamua kuandika habari za watoto wanaooga. Imekuwa ada yetu, tutajapo utamaduni, kufikiria kwanza ngoma, mashairi, misikiti ya kale, milango ya nakshi na majahazi. Na mambo hayo yote yanastahili heshima yake. Lakini watu hujulikana pia kwa namna wanavyowastarehesha watoto wao wasiokuwa na senti mkononi, na katika mji wa joto kama mji wa Unguja starehe ya kwanza ya mtoto ni maji. Hiyo ndiyo sababu iliyotufanya tukichague kipande kidogo cha ardhi kilichoko baina ya Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib na bahari, kiitwacho Bustani ya Forodhani, tukajaribu kueleza jinsi kilivyofika mikononi mwa watoto.

Tulikwenda pale jioni moja ya mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma na jua limekwisha anza kuinamia baharini. Tulikuwa na watoto wetu wawili, wa kike mwenye miaka 6 na mdogo wake wa kiume mwenye miaka 4. Kabla hatujaingia chini ya miti, yule wa kike alisimama akatuuliza, "Baba, tunalipia wapi?" Mtoto huyu amezaliwa katika zama ambazo mahali pa michezo pana geti, pana tiketi, na pana mtu wa kuichana tiketi hiyo. Tukamjibu kwamba hapa halipi mtu. Hakusadiki mpaka alipojiona yumo ndani. Sisi tulibaki tukilifikiri swali lake, maana mahali penyewe jina lake ni jina la malipo.

Neno forodha limetokana na Kiarabu, na maana yake ni mahali pa kushushia bidhaa na kutozea ushuru. Ndivyo palivyokuwa hapa katika karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan alipoyahamishia makao yake Unguja, ushuru wa forodha ndio uliokuwa nguzo ya hazina yake. Naye hakuukusanya mwenyewe, bali aliukodisha kwa matajiri wa Kihindi, ambao mashuhuri wao ni nyumba ya biashara ya Jairam Shivji kutoka Kutch. Mkataba wa mwaka 1833 baina yake na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa ziingiazo. Pembe za ndovu, sandarusi, karafuu, ngozi, vitambaa vya merikani: vyote vilipita ufukoni hapa, vikahesabiwa na kuandikwa.

Hatuna budi kusema pia kile ambacho mtu aliyekaa bustanini akila mishikaki hapendi kukumbushwa. Miongoni mwa vilivyohesabiwa na kutozwa ushuru hapa walikuwamo watu. Majahazi yaliyotoka Kilwa na bandari nyingine za mrima yalileta watumwa, na kila kichwa kililipiwa. Balozi wa Kiingereza, Christopher Rigby, aliandika kwamba katika mwaka 1859 peke yake waliingizwa Unguja kutoka bara watu wapatao 19,000. Wengi wao walikuwa watoto. Hivyo mtoto wa kwanza tunayeweza kumthibitisha katika historia ya maji haya si mtoto aliyekuja kucheza. Aliletwa juu ya maji, akashushwa, akahesabiwa, akapelekwa sokoni. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliotiwa sahihi na Seyyid Barghash kwa kushurutishwa na Waingereza, ulipiga marufuku biashara hiyo baharini na kulifunga soko. Ingawa utumwa wenyewe ulikawia kwisha.

Na watoto wa mjini wakati huo walicheza na maji gani? Hapa mwanahistoria hupata taabu, kwa sababu watoto hawaandiki barua za serikali wala hawatii muhuri. Tunalo shahidi mmoja wa ajabu, naye ni mtoto wa kasri. Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kujulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Ameeleza humo kasri ya Mtoni alimozaliwa: ua mpana, wanyama na ndege wakitembea huru, kijito kinachopita kwenda baharini, na mwisho wa ua nyumba za kuogea zenye mabirika mengi ambazo hazikuwa tupu mchana kutwa. Kule Kidichi, juu kilimani katikati ya mikarafuu, Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu ambayo kuta zake zimesimama mpaka leo. Hiyo ni ya mwaka 1850. Kwa hiyo maji ya starehe yalikuwapo, na watoto walioyaoga walikuwapo. Lakini ilikuwa sharti kwanza mtoto awe mtoto wa Seyyid, au wa watu wa nyumba yake.

Watu wengine wa mji walikunywa maji ya visima, nayo yalikuwa maji ya mauti. Kipindupindu kilichoingia Unguja mwaka 1869 kiliua maelfu ya watu, na tabibu James Christie, aliyekuwapo mjini wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo kilichochapishwa mwaka 1876. Mwaka 1870, wakati maradhi hayo hayajasahauliwa, alishika ufalme Barghash bin Said. Huyu alikuwa amepata kuishi uhamishoni Bombay baada ya kushindwa kumpindua nduguye, na huko aliuona mji mkubwa wenye maji ya mabomba. Basi katika utawala wake aliyaleta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu, kaskazini ya mji, mpaka ndani ya mitaa, na akayatoa bure kwa watu.

Mtu anaweza kumlaumu Barghash kwa mengi, na sisi hatutamtetea. Lakini jambo hili liliacha alama hata katika lugha. Mtu wa Unguja mpaka leo hasemi kwamba amefungua bomba, husema amefungua mfereji, na maji yake huyaita maji ya mfereji. Mfereji ukawa mahali pa wanawake kukutana na ndoo zao, mahali pa kusikilizia habari, na palipo na mfereji unaochuruzika hapakosi mtoto aliyeziba nusu ya mdomo wake kwa kiganja ili maji yafumke na kumwagia wenziwe. Hatudhani kama yupo mtu aliyelelewa katika mitaa ya Malindi, Vuga, Kikwajuni au Miembeni ambaye hakupata kuchapwa kwa kosa hilo. Kosa lilikuwa kupoteza maji na kurowesha nguo, wala halikuwa kwenda asipostahili kwenda, na katika habari tunazozieleza tofauti hiyo si ndogo.

Barghash huyo huyo alijenga pia hamamu ya mjini, katika mtaa ambao kwa ajili hiyo ukaitwa Hamamni. Ilifunguliwa kwa watu wote, wanaume kwa wakati wao na wanawake kwa wakati wao, ila aingiaye alilipa. Ilitumika mpaka mwaka 1920 ikafungwa, na sasa watu huingia kuitazama mabirika yake makavu. Mfereji wa bure ulipata wajukuu wengi. Hamamu ya kulipia ilipata watalii.

Tusisahau mvua. Nyumba za Mji Mkongwe zina mapaa yenye milizamu, yaani vile vibomba vinavyotoka ukutani na kuyatema maji ya dari barabarani. Wakati wa masika kila mlizamu huwa hamamu ya mtoto. Huvua shati, husimama chini yake, maji yakampiga kichwani na mabegani kwa nguvu ambazo ndoo haiwezi kuwa nazo, akapiga kelele mpaka mama yake amwite. Halmashauri haikumwekea wala hakuna aliyemtoza. Na kama mtu atasema kuoga mvua ni utundu tu wala si utamaduni, tutamkumbusha kwamba watu wa pwani tangu zamani walikuwa na desturi ya kuoga mwaka: asubuhi ya Siku ya Mwaka walitoka kwenda kujitosa, wakubwa na wadogo, waondoe yaliyopita. Wale wa Makunduchi wanaiadhimisha siku hiyo mpaka leo kila mwezi wa Julai, na jina lake lenyewe, Mwaka Kogwa, linataja kuoga.

Turudi Forodhani. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri iliyokuwa kando ya Beit al-Ajaib, kwa muda usiofika hata saa moja, ili kumwondoa Khalid bin Barghash. Watu wapatao mia tano waliuawa au kujeruhiwa. Baada ya hapo uso wa mji upande wa bahari ukawa chini ya amri ya mgeni. Penye ufuko huu palijengwa mabanda ya mizigo, na mwaka 1905 reli iendayo Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanzia karibu na Ngome. Moshi, makaa, wachukuzi na magunia ndivyo vilivyokuwapo hapa. Mahali pa kumleta mtoto hapakuwa.

Upande wa Shangani, mwendo wa dakika chache kwa miguu, Waingereza walikuwa na klabu yao tangu mwaka 1888, yenye baraza linalotazama bahari. Bahari ile ile, machweo yale yale. Ila mwenyeji wa nchi aliingia mle akiwa amechukua sinia. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba ufuko wa mji daima ulikuwa wa watu wote. Haukuwa. Ulikatwa vipande vipande: hiki cha kasri, hiki cha forodha, hiki cha klabu, hiki cha reli.

Mambo mawili ndiyo yaliyokifungua kipande chetu. Reli ya Bububu ilikufa mwaka 1928, magari yakiwa yamechukua nafasi yake. Na bandari mpya ya Malindi ilipokuwa tayari, meli na mizigo vilihamia huko. Forodha ikaondoka, jina likabaki. Katikati ya miaka ya 1930 palipandwa miti na majani, njia zikatengenezwa, na bustani ikapewa jina la Jubilei kwa kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawazwa mwaka 1911. Katikati pakawekwa jukwaa ambapo bendi ya Sultani ilipiga muziki kwa ajili ya watu. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mwananchi wa kawaida alipata sababu ya kufika mbele ya bahari hii bila ya kuwa mchukuzi, mlipa ushuru au mshitakiwa.

Kando ya maji pana banda jeupe la matao lililojengwa mwaka 1956 ili Binti Mfalme Margaret wa Uingereza apokelewe kwa heshima atokapo melini. Mgeni huyo akashukia kwingine. Mtu aliyejenga hakudhani kwamba kizazi baada ya kizazi cha watoto wa Unguja kingelifaidi kivuli chake wakisubiri maji yajae. Lakini mengi katika ufuko huu yametumika hivyo, kwa shughuli isiyokusudiwa na mjenzi.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 jina la Jubilei liliondolewa, bustani ikaitwa ya Jamhuri, na watu wakaendelea kuiita Forodhani kama walivyozoea. Ikawa bustani ya kila jioni. Wauzaji wa pweza, mishikaki, urojo na maji ya miwa wakajipanga na karabai zao; watu wa Ng'ambo na watu wa mjini wakachanganyika pale kwa namna ambayo mitaa yao haikuwachanganya. Kwa miaka mingi ilitumika kupita kiasi na kutunzwa pasipo kiasi: majani yakaisha, mchanga ukabaki, ukuta wa pwani ukaliwa na mawimbi. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mwaka 2008 Shirika la Aga Khan la Utamaduni likaanza kuitengeneza bustani upya. Ilifunguliwa tena mwezi wa Julai 2009, ikiwa na njia mpya, taa, mifereji ya maji machafu na uwanja wa kuchezea watoto.

Walikuwapo, kabla ya kufunguliwa, waliohofu kwamba bustani nzuri ingefuatwa na geti. Haikufuatwa. Kwa maoni yetu hilo, zaidi ya miti na taa, ndilo jambo kubwa lililofanyika mwaka ule, nalo ni jambo la kutofanya. Taabu yake ni kwamba jambo la kutofanya halina jiwe la msingi wala siku ya kuadhimishwa, na kila kizazi cha viongozi hulazimika kulitofanya upya.

Sasa tueleze kile ambacho watoto wetu walikuja kukiona, yaani makachu. Kwa jina hili vijana wa Unguja huita mchezo wa kuchupa baharini kutoka juu ya ukuta wa Forodhani. Mchezaji hurudi nyuma hatua kumi au kumi na tano, hukimbia miguu peku juu ya sakafu, hukanyaga ukingo na kuruka. Angani ndiko kwenye sanaa: huyu hupiga pindu moja, yule mawili; huyu hujikunja kama mpira na kujifungua dakika ya mwisho; huyu huruka kinyumenyume akiwatazama watu. Wengine huruka wawili wameshikana mikono. Baada ya kila mruko watazamaji hupiga kelele, na mrukaji hupanda tena ukuta akitiririka maji, asitazame mtu, kama kwamba hakufanya kitu. Wote tuliowaona walikuwa wanaume, kuanzia mvulana wa miaka 8 hivi mpaka kijana mwenye ndevu.

Anayeona mchezo huu kwa mara ya kwanza hudhani ni ujasiri mtupu. Kumbe ni elimu. Bahari ya Unguja hupanda na kushuka sana. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Ukuta huo huo unaochupwa alasiri juu ya maji ya kina, asubuhi yake chini yake palikuwa na mchanga, mawe na vipande vya chupa. Bahati njema ya watoto wa mjini ni kwamba siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, yaani baada ya skuli na chuo, jua likiwa halijazama. Siku za maji mafu mambo hubadilika, na kijana asiyejua kuhesabu mwezi huweza kuvunja shingo.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa ukutani na kofia yake ya viua alitueleza hayo. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu," akawasogezea nafasi. Alisema naye alichupa hapa alipokuwa mdogo, na kwamba hakufundishwa na mtu isipokuwa na wakubwa zake wa mtaa. Sharti lilikuwa moja: mdogo hachupi mpaka ameogelea kutoka ngazi hadi mashua iliyotia nanga na kurudi, mkubwa akiwa kando yake. "Ukikataa hukatazwi," alisema, "lakini hakuna atakayekupandisha." Tukamwuliza kama wapo waliofia hapa. Alinyamaza kidogo, akasema wapo, na akageuza mazungumzo. Hatukumsumbua zaidi.

Hapo ndipo furaha yetu ilipoingia wasiwasi. Makachu ni mchezo wa mtoto aliyekwisha jua kuogelea. Mtoto wa miaka 4 afanye nini? Bustani imempa bembea na mahali pa kuteleza, lakini maji haikumpa. Mchanga wa upande wa Shangani hupatikana maji yanapopwa tu, na mahali pengine kando ya mji maji ya mitaro humwagika papo hapo baharini, hata mzazi mwenye akili humshika mtoto mkono. Na watoto wa kike je, ambao hata wakubwa wao hatukuwaona ukutani? Wao hukaa na mama zao kwenye majani, wakitazama ndugu zao.

Si Unguja peke yake iliyokutana na suala hili. Katika mji wa Chicago, Marekani, watoto wa mitaa ya mafukara walikuwa na desturi ya kufungua mabomba ya zimamoto barabarani siku za joto kali, wakaoga katika maji yaliyofumka. Tarehe 12 Julai 1966, upande wa magharibi wa mji, katika mitaa ya Wamarekani Weusi, askari polisi walikuja kulifunga bomba moja. Watu wakakasirika, kwa kuwa mabwawa ya kuogelea karibu nao yalikuwa machache na katika baadhi ya hayo watoto wao hawakukaribishwa. Ghasia zikaenea kwa siku kadhaa, watu wakafa, na askari wa jimbo wakaitwa. Martin Luther King alikuwa akiishi mjini humo wakati ule. Baada ya mazungumzo naye, Meya Richard J. Daley alikubali, miongoni mwa mambo mengine, kwamba mabomba yafungwe vinyunyizio ili watoto waoge. Damu ilimwagika kwanza ndipo kinyunyizio kikaja. Mwaka 2004 mji huo huo ulifungua katikati yake bustani iitwayo Millennium Park, na ndani yake chemchemi ya mchongaji wa Kihispania, Jaume Plensa: minara miwili ya vioo yenye urefu wa kiasi cha mita 15, inayoonyesha nyuso za wakazi wapatao 1,000, na kila uso ukifika wakati wake hutema maji kinywani. Chini ni sakafu ya jiwe jeusi yenye maji membamba yasiyofunika hata kifundo cha mguu. Mtoto wa miaka 4 hawezi kuzama. Kiingilio hakuna.

Leo miji mingi duniani ina sakafu za namna hiyo, maji yakichupa kutoka chini na kutoweka. Mtu wa Unguja akisikia habari hizi atasema hizo ni milizamu iliyopinduliwa, na hatakosea sana. Je, tuitie moja Forodhani? Sisi wenyewe hatukuafikiana njiani. Mmoja wetu alisema ndiyo, na haraka. Mwingine alikumbusha kwamba katika mitaa mingi ya Ng'ambo maji ya mfereji hayatoki saa zote; wanawake huamka usiku kuyavizia. Mama aliyebeba ndoo toka mtaa wa pili, akiyaona maji matamu yakirushwa hewani kwa ajili ya mchezo, atakuwa na haki ya kuuliza. Yule wa kwanza akajibu kwamba maji ya namna hiyo huweza kuchujwa na kuzungushwa, na kwamba bahari iko hatua tatu. Hatukufika mwisho wa hoja hiyo, na kwa hakika haikutupasa sisi kuimaliza; ina wenyewe, nao ni wale wa ndoo pamoja na wale wa ukutani.

Tulipokuwa tukibishana hivyo watoto wetu walikuwa wamekwisha ipata njia yao. Karibu na pale wanapochupia vijana, kila mwili mkubwa uangukapo, maji huruka juu na kunyesha ukingoni. Watoto wadogo wa mji wanalijua hilo siku nyingi. Walikuwa wamekaa safu nzima, wavulana kwa wasichana, kiasi cha kumi na mbili, nyuma kidogo ya ukingo, na wakubwa wawili wamesimama mbele yao kuwazuia wasisogee. Kijana akikimbia, wao hufumba macho. Akitua, rasharasha huwafika, nao hupiga ukelele mmoja. Kisha huhesabu pamoja mpaka mwingine aruke. Wetu wawili walikuwa mwisho wa safu, nguo zimewagandama, na yule wa kike akawa ameshikwa mkono na msichana tusiyemjua wala yeye hamjui. Mzee wa kofia alikuwa akimnyoshea kidole kijana mnene na kuwaambia, "Huyu, huyu ndiye mwenye maji."

Adhana ya magharibi ilipolia vijana walipanda wote, wakajikausha kwa mashati yao na kutawanyika vichochoroni. Muuza urojo aliwasha taa. Pale ukingoni palibaki kidimbwi cha maji ya chumvi kisichojaa sahani, na mdogo wetu alikuwa akikikanyaga kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Tulimwambia twende. Akauliza kama kesho yatakuwapo. Tukamtazama mzee, naye alifikiri, akatazama juu ulipo mwezi, akasema kesho maji yatachelewa kidogo, tuje karibu na saa kumi na moja.